Dole Gumba la Nyumba Kumi

Kijijini kwetu, mvulana ambaye hajaanza kukojoa damu alihesabiwa mtoto. Tulijipanga nyuma ya lambo, lile bwawa walilochimba wazee kwa ajili ya ng'ombe, tukashindana: nani anafika mbali, nani mwekundu zaidi. Kwa masafa nilikuwa bingwa. Kwa wekundu alinishinda jirani yetu mmoja ambaye sasa anasomea upadri, kwa hiyo namwachia heshima yake.

Mwalimu wa sayansi alipotueleza kwamba ule si utu uzima bali ni kichocho, na kwamba kinatoka kwa konokono wa lambo, tuliitikia "ndiyo mwalimu" kwa sauti moja, na tuliporudi nyumbani tukapitia lamboni kuoga. Tungeoga wapi? Mwalimu mwenyewe tulimkuta huko, na taulo lake.

Kwa mdogo wangu wa kike mambo yalikuwa tofauti. Msichana hapewi cheo kwa damu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano, na alificha mpaka mama alipogundua wakati wa kufua. Wakati huo viganja vyake vilikuwa vimepauka kama vya mtu aliyefua kutwa, na kutoka nyumbani hadi shule alipumzika mara mbili, njia ambayo mimi niliimaliza huku nikipiga mpira wa matambara. Mama alimpeleka zahanati mara tatu. Mara zote tatu mganga alifungua kabati, akamwonyesha rafu tupu kwa adabu, kama mtu anayekuonyesha picha za harusi yake. Ni miaka hii hii ya foleni. Sukari hakuna, mafuta ya taa hakuna, sabuni tunaisikia kwa majirani. Dawa ya kichocho ni nani hata iwepo.

Kwa hiyo mwaka juzi, likizo ya Juni, nilipokuwa nimemaliza muhula wa kwanza wa kidato cha pili na kujiona nimesoma kuliko kijiji kizima, Landrova ilipoingia kutoka upande wa Ushirombo ikiwa na masanduku ya dawa, mama aliacha kuanika michembe. Viazi vilibaki juani vimekatwa nusu. Alimshika mdogo wangu mkono na kwenda.

Waliteremka watu wawili wa maana. Mmoja alikuwa daktari wa chuo kikuu, mwanamke wa pwani, umri wa shangazi yetu mdogo, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Wa pili alikuwa Mzungu wa kiwanda cha dawa. Daktari alitueleza mbele ya ofisi ya kijiji. Kiwanda kimetengeneza dawa mpya ya kichocho, inayomezwa siku moja tu. Ile ya zamani humezwa siku nyingi na hutapisha. Kiwanda kinalipa, chuo kinapima kama dawa mpya inafaa kweli. Mtoto wa miaka saba hadi kumi na minane atakayekutwa na mayai ya kichocho kwenye mkojo anaweza kuingia. Bahasha zimefungwa tangu chuoni: nyingine zina dawa mpya, nyingine ya zamani, na hakuna anayechagua, hata yeye. Mzazi lazima akubali, na mtoto mwenyewe lazima akubali. Na kwa usumbufu wa kupimwa mara kwa mara, kila mtoto atapewa mche mmoja wa sabuni.

Hadi hapo watu walikuwa wakisikiliza kwa masikio. Alipotaja sabuni, walisikiliza kwa mwili mzima.

"Mche mzima?" mama mmoja aliuliza.

"Mzima, mama."

"Haukatwi?"

"Haukatwi."

Baada ya hapo angeweza kusema dawa yenyewe ni mavi ya mbuzi, tungepiga makofi.

Karatasi za kukubali akawapa mabalozi wa nyumba kumi, kila mmoja na fungu lake, nyumba zetu kumi zikiwa za kwanza kupimwa. Balozi wetu alikuwa baba yangu mdogo, na ni lazima nimweleze, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika. Baba mdogo alizichukua nyumba zake kumi kama mtu anayechukua maksai wake: alijua ipi inavuta, ipi inalala njiani. Mbegu za pamba zikija, anapokea yeye kwa niaba ya kumi. Kanga za mgawo zikija, anaweka dole yeye. Wakihesabu watu, ng'ombe, vyoo, dole lake ndilo linalojibu. Kuandika hajui na hajawahi kujisikia vibaya kwa hilo. Na dole lenyewe halifanani na la mtu mwingine: zamani plau ilimpasua gumba la kulia kutoka ukucha hadi kiungo, likapona na kovu lililopinda kama mto.

Kesho yake asubuhi karatasi za nyumba zetu zilikuwa tayari. Zote, arobaini na moja. Daktari hakuamini. Alizipokea kwa mikono miwili, akamwonyesha Mzungu, naye Mzungu akampa baba mdogo mkono na kuutikisa kwa muda mrefu. Meza ikatolewa nje ya zahanati, hadubini ikawekwa, vikopo vikagawiwa, foleni ikaanza. Mdogo wangu alikuwa wa kumi hivi, mimi nyuma yake. Tulishapima, tulishakutwa na mayai, mimi mengi sana, na nilikuwa nimeshamwomba mpimaji waliyekuja naye anipe cheti nikiweke ukutani. Kilichobaki ni kila mtu kupewa namba na bahasha.

Daktari alikuwa ameegemeza fungu la karatasi kwenye kona ya meza, akizifunua moja moja kutafuta jina la anayefuata. Nilikuwa nimesimama pale sina kazi, na mtu wa aina yangu akisimama hana kazi huwa hasara kwa taifa. Nikaona dole la kwanza, lina mto uliopinda. La pili, mto. La tatu, mto. La jirani yetu mjane, mto. La mama yangu, ambaye anajua kuandika jina lake na hujivunia, mto.

Nikacheka. Sikupanga. Kicheko kilinitoka kama chafya kanisani.

"Kuna nini?" daktari akaniuliza.

Ningeweza kusema hakuna. Nimelifikiria sana jambo hilo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa na hadhira.

"Shikamoo daktari," nikasema. "Nauliza tu. Hii plau iliwapitia watu wote wa nyumba kumi siku moja?"

Foleni nzima ikacheka, maana foleni nzima ilijua. Daktari hakucheka. Alizifunua karatasi haraka, akazipanga tano mezani, akaziinamia. Kisha akamwita baba mdogo.

"Mzee wangu, hizi umeweka dole wewe?"

"Mimi," baba mdogo akajibu kwa fahari.

"Zote?"

"Mwanangu, ningekuachia kazi nusu?"

"Uliwasomea wazazi?"

"Kuwasomea nini? Nyumba kumi ni mimi. Mbegu za pamba naweka mimi, kanga naweka mimi, mpaka mchango wa mwenge naweka mimi, na serikali haijawahi kulalamika. Leo mkojo ndio umekuwa mkubwa?"

Daktari akafunga jalada. Akamweleza Mzungu kwa Kiingereza, na mimi kidato cha pili nilielewa nusu, nayo ilinitosha: haiwezekani, haiwezi kuanza, chuo kitakataa, kiwanda kitakataa. Mzungu akavua kofia, akaitazama kama vile ndiyo iliyokosea. Wakaanza kukusanya vikopo. Watu wakaacha kucheka mmoja mmoja, kama taa zinavyozimwa.

Mdogo wangu aligeuka akanitazama. Alikuwa amebakiza watu wawili mbele yake. Hakulia wala kunitukana. Alisema tu, "Kaka, wewe kila kitu ni mchezo," akakirudisha kikopo chake mezani taratibu, akakaa chini, maana alikuwa amesimama muda mrefu.

Nyumbani nilikuta dunia imebadilika. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuja, amemwambia mama kwamba mtoto aliyesomeshwa kwa pamba yake amemvua nguo mbele ya Mzungu. Mama hakunipiga. Aliendelea kukata viazi.

"Mayu," nikamwita, kama tunavyomwita mama Kisukuma tukitaka msamaha, "nilisema kweli tu."

"Kweli umeisema," akajibu. "Sasa kaitafune. Labda ina dawa ndani."

Nikatoka. Watu husema nilitoka kwa majuto. Siyo kweli. Nilitoka kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yangu wala ya baba mdogo. Njia nzima hadi zahanati nilikuwa nagombana peke yangu, na nilikuwa nashinda.

Daktari alikuwa amekaa kwenye ngazi ya Landrova, jua likiwa bado juu ya miti, jalada mapajani.

"Umekuja kucheka tena?" akaniuliza.

"Nimekuja kuuliza. Karatasi ya mama yangu, nani alimpa balozi?"

Akanitazama. "Mimi."

"Kwa nini hukumpa mama?"

"Tulielekezwa tupite kwenye uongozi. Ndio utaratibu."

"Basi kosa la baba yangu mdogo liko wapi? Umempa karatasi za watoto kama fungu la mbegu, akazirudisha kama anavyorudisha za mbegu. Hakuiba. Hakuna aliyemwambia kwamba safari hii dole ni la kila mtu na lake. Wewe umesoma, Mzungu amesoma, mkashindwa kusema hilo, sasa mnaondoka na dawa na kutuachia aibu."

Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kofi. Mtu mzima wa kwetu angenipa, na angekuwa na haki. Yeye akafungua jalada, akanionyesha. Ndani kulikuwa na mihuri: ya chuo, ya wizara, ya mkoa, ya wilaya, ya tarafa, na mkataba wa chuo na kiwanda uliosainiwa kila ukurasa.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nahangaika ofisi hadi ofisi ili huu utafiti uanze. Huu ni wa kwanza kuuongoza mwenyewe. Nilivyoona zile karatasi asubuhi nilishukuru Mungu, sikuangalia. Ningekuwa nimeangalia, ningeona. Kila mtu angeona."

"Mimi niliona."

"Wewe uliona," akakubali. "Bahati mbaya yangu."

Nikamwambia aanze upya, nyumba kwa nyumba, asome kwa Kiswahili na mtu asome kwa Kisukuma, na kila mtu aulize anachotaka. Akaniuliza nani atawashawishi watu waliokwishaaibishwa. Nikasema waliokwishaaibishwa bado hawana sabuni. Hapo ndipo alipocheka. Akaenda kuongea na Mzungu. Petroli waliyokuwa nayo, ukiacha ya kuwafikisha Kahama, ilitosha siku mbili. Mzungu akakubali siku mbili.

Siku mbili hizo nimeziweka moyoni. Tulianza kwa baba mdogo, kwa shauri langu, kwa sababu bila yeye nyumba zilizobaki zingefungwa. Alitupokea akiwa amekaa, hakuniitikia shikamoo yangu. Daktari akapiga magoti kumsalimia, jambo ambalo hakulazimika kulifanya, akamwomba radhi kwamba hakumweleza vizuri. Baba mdogo akakohoa. Akauliza, "Kwa hiyo hapa nyumbani kwangu naweka dole kwa ajili ya nani?"

"Kwa mwanao mmoja huyu, mzee. Na yeye mwenyewe akubali."

Akamtazama mwanawe wa miaka minane kama anamwona mara ya kwanza. "Wewe, unataka?" akamuuliza. Mtoto akasema anataka sabuni. Daktari akasema sabuni siyo jibu, akaanza kueleza upya, polepole, mpaka mtoto akasema anataka kuacha kuumwa akikojoa. Baba mdogo hakujua kwamba mwanawe anaumwa. Alibonyeza dole lake kwenye wino, akaliweka mara moja tu, akalitazama muda mrefu. Kisha akasimama, akachukua fimbo, akasema, "Twendeni. Zile tisa, bila mimi hamtazijua ngoma zake."

Wakauliza. Mungu wangu, walivyouliza. Watu waliokuwa wakiwekewa dole maisha yao yote walikuwa wamelimbikiza maswali. Bibi mmoja aliuliza kwa nini Wazungu wasiijaribu kwao kwanza. Daktari akamjibu kwao hakuna kichocho. Bibi akasema, "Kumbe na sisi tuna kitu," akajifunga kanga upya, ameridhika. Mjane aliuliza kama mtoto akianza anaweza kuacha, akaambiwa anaweza siku yoyote, bila kutoa sababu, na sabuni harudishi. Baba mmoja akasema hapana, akatufungulia mlango wa kutokea, na daktari akamshukuru kama vile amesema ndiyo. Baba mdogo alishangaa sana. Njiani akaniuliza, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, "Hivi huyu anayekataa naye anaandikwa?"

"Anaandikwa," nikamwambia.

"Ajabu."

Nyumbani kwetu tulifika mwisho. Mama aliisoma karatasi mwenyewe, kidole chini ya kila mstari, akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Mdogo wangu aliulizwa kama anakubali. Akasema, "Nakubali. Nilikubali tangu ile siku, huyu akacheka." Akaandika jina lake chini ya la mama.

Ikabaki zamu yangu. Nikauliza swali langu, ambalo nilikuwa nimelibeba nyumba zote. Utafiti ukiisha, na ikionekana dawa mpya ndiyo nzuri, wale walioangukia bahasha za dawa ya zamani watapewa mpya?

Daktari akaifungua karatasi, ingawa alijua jibu halimo. "Haijaandikwa," akasema.

"Kiwanda kimesema nini?"

"Hakijasema kitu. Hakuna aliyekiuliza."

"Kiulizeni."

"Nitauliza. Nikifika Mwanza nitapiga simu chuoni, na huyu bwana atawaandikia wakubwa zake. Lakini sitakudanganya kwamba watakubali."

"Basi mimi hapana," nikasema, "mpaka jibu lije."

Mama akaweka mkono kichwani. Mche wa pili wa sabuni ulikuwa unaondoka mlangoni na yeye akiuona. "Una mayai kuliko kuku," akaniambia, "na unakataa dawa?"

Nilikataa. Sitajifanya nilikuwa shujaa. Sehemu yangu moja ilikuwa inaogopa, nyingine inapenda kutazamwa. Lakini iko sehemu ya tatu, na ndiyo ninayoisimamia mpaka leo. Nilikuwa nimetoka kuzunguka nyumba kumi nikiwaambia watu kwamba wanaweza kusema hapana. Mtoto hata mmoja alikuwa hajasema. Yule baba alisema yeye, mwanawe hakuulizwa. Nikaona nisipojaribu mimi, hatutajua kama mlango huo unafunguka kweli au umechorwa ukutani.

Ukafunguka. Daktari aliandika "amekataa", akanigeuzia karatasi nione, akanipa mkono.

Mdogo wangu alipewa bahasha yake asubuhi iliyofuata. Alimeza mbele ya wote, akameza tena na siku zilizofuata, maana wote walipewa vidonge vya siku zilezile ili mtu asijue alichopata. Hakutapika sana. Mama alileta nyumbani mche wa sabuni na kutangaza sheria mpya: sabuni ya utafiti si ya waliokataa. Mimi nikaendelea kuoga kwa majani na mchanga, nikinukia kama mbuzi msafi. Mdogo wangu alipita mbele yangu makusudi akinuka maua.

Baada ya wiki tatu Landrova ilirudi kupima. Daktari aliniita kabla hajateremsha sanduku hata moja. Alinipa karatasi mpya, ileile, ila chini kulikuwa na mstari mmoja ulioongezwa kwa taipu nyingine: kwamba dawa mpya ikionekana inafaa, kiwanda kitawapa wote waliopimwa wakakutwa na kichocho, walioingia na ambao hawakuingia. Muhuri wa chuo juu yake. Niliusoma mara nne.

"Haya, nipe kalamu," nikasema.

"Umechelewa," akasema. "Nafasi zilijaa wiki iliyopita, kijiji cha pili. Nimefunga mlango wa kuingia. Wewe utasubiri mwisho, pamoja na waliobaki."

"Mstari ni wangu."

"Mstari ni wako," akasema, "na foleni ni ya wote." Nadhani alikuwa akisubiri wiki nzima kuniambia hivyo, na simlaumu.

Mdogo wangu akaja na kikopo chake, akakiinua juani mbele ya uso wangu. Kilikuwa cha rangi ya chai isiyo na majani. "Tazama," akasema, "halafu katazame chako." Viganja vyake vilikuwa vimeanza kupata rangi. Kama alipata mpya au ya zamani, hajui, daktari hajui, na bahasha haijafunguliwa mpaka leo ninapoandika. Sasa anatembea hadi shule bila kupumzika, na njia nzima ananizungumzia mimi.

Mimi bado nasubiri. Bado nakojoa wekundu, hapa bwenini, na wenzangu wa mjini wanadhani nina laana. Baba mdogo ameanza kuuliza maswali kwenye mikutano ya kijiji, na katibu analalamika kwamba vikao vimekuwa virefu. Karatasi za pamba za msimu uliopita alikataa kuziwekea dole mpaka kila nyumba iambiwe zinasema nini.

Nilipofungua sanduku langu la bati siku ya kwanza ya muhula baada ya likizo ile, chini ya shuka nilikuta nusu mche wa sabuni, umekatwa kwa uzi, umefungwa kwenye gazeti. Juu ya gazeti mama alikuwa ameandika kwa herufi zake kubwa: USIMWAMBIE DAKTARI.